Kochi la Arja Kwenye Ngazi

Tarmo Hyvärinen alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake mwenyewe, koti mwilini, akichungulia kwenye kitundu. Alikuwa akingoja jirani apite. Usimcheke. Ndivyo tunavyoishi watu wenye adabu hapa Kouvola: ukimsikia mwenzako kwenye ngazi, unangoja apite kwanza, usije ukamlazimisha kukusalimu. Salamu inachosha asubuhi, na ikifika Novemba, na baridi na giza lake, kila mtu ameshachoka.

Jirani mwenyewe alikuwa Arja Lehtola, mpishi wa shule, wa mlango wa pili. Kwa miaka minane Tarmo alimpisha bila kukosa hata siku moja. Aliijua kofia yake, kikohozi chake, na harufu ya mikate yake ya iliki siku za Jumamosi. Alimpenda. Hakumwambia mtu, maana hakuwa na mtu wa kumwambia.

Asubuhi hiyo Arja alipita na sanduku, akarudi, akapita na taa ya mezani, akarudi tena. Nyuma yake alitweta Pentti, mume wa dada yake, mtu mnene asiyependa ngazi. Tarmo alielewa polepole, kama anavyoelewa mambo yote: Arja anahama.

Mwisho likaja kochi la buluu. Arja alifunga mlango, akashuka mbio kumrudishia mwangalizi wa jengo ufunguo, akarudi kushika upande wake. Kochi lilifika kwenye kona, mbele ya mlango wa Tarmo kabisa, likakwama.

"Inua, shemeji!"

"Nimeinua!"

"Basi shusha!"

"Nishushe wapi, kwenye mguu wangu?"

Tarmo alishika kitasa. Akifungua, atakuwa amekosa adabu. Asipofungua, mwanamke huyu ataondoka na hatamwona tena. Alikuwa amechoka kuwa mtu wa kitunduni. Akafungua.

Wote wawili wakamkodolea macho kama wameona maiti imeketi.

"Theluji inachanganyika na mvua leo," alisema Tarmo.

"Tumeiona, bwana," alisema Pentti. "Shika huku."

Watatu wakasukuma, na kochi likakwama zaidi. Pentti akauachia upande wake. "Mimi nakwenda kula soseji pale kibandani. Nikirudi, nitarudi na nguvu au na shoka."

Walibaki wawili. Kochi lilikuwa limeziba njia yote, hapakuwa na pa kusimama, wakakaa. Huyu mwisho huu, yule mwisho ule, katikati nafasi ya kumtosha mtu na mizigo yake.

"Unakwenda wapi, jirani?"

"Oulu. Kwa dada."

"Oulu kuna nini?"

"Kuna dada."

Arja aliivua kofia yake.

"Kwa kuwa naondoka, ngoja niseme," alisema Arja. "Nimechoka kuishi mlango kwa mlango na mtu asiyetaka hata kuniona. Kila nikitoka nakusikia hapo nyuma, unapumua. Hutoki mpaka nifike barabarani. Nilikukosea nini?"

"Nilikuwa nakupisha."

"Miaka minane?"

"Sikutaka kukusumbua."

Arja alimgeukia. "Mungu wangu. Na mimi siku nyingine nilikuwa nakungoja wewe upite."

"Kumbe ndiyo maana nilikuwa nachelewa kazini."

"Hata mimi."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha, ila liliuma. Tarmo alitazama viatu vyake, akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo.

"Oulu ni mbali," alisema.

Hakuwa amepata kumwambia mtu neno zito namna hiyo, na masikio yalimwiva.

"Sema tena," alisema Arja.

"Mbali sana."

Pentti alirudi na haradali kidevuni. "Haya, tuondoke?"

"Lirudishe kochi, shemeji."

"Nilirudishe wapi? Ufunguo si umeshautoa? Kwako kumefungwa!"

Ilikuwa kweli. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu. Pentti aliutazama mlango, akamtazama Tarmo, akalitazama kochi, kisha akainama akashika upande wake. Na lile kochi lililowatoa jasho likapita mlangoni kwa Tarmo bila hata kukwaruza ukuta.

"Sasa dada yako nimwambie nini?"

"Mwambie kochi limekwama."

Pentti akashuka akinung'unika. Arja alisimama katikati ya sebule ngeni, kofia mkononi.

"Nitatafuta fleti nyingine hapa hapa mjini," alisema. "Kochi likae kwako."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa nakuja kulikalia."

Tarmo alikwenda kupika kahawa, akaimwaga nusu. Alipoleta vikombe, Arja alikuwa ameshakaa. Alikuwa amekaa katikati ya kochi, hivyo upande wowote ambao Tarmo angechagua, ungekuwa karibu naye.