Makopa ya Bi Tabia

Jengo zima pale Bertrams, mtaa wa Johannesburg, lilishamjua mwizi wa umeme wa jua: Gaston, fundi cherehani kutoka Kongo, wa ghorofa ya tatu. Paneli za paani zilikuwa za wapangaji wote, kila nyumba na fungu lake sawa, lakini wiki mbili sasa umeme ulikuwa unaisha kabla ya magharibi. Nani mwingine alikuwa na pasi inayowaka kutwa? Jumapili wangekutana kumkatia waya, na fundi asiye na pasi atamshonea nani?

Bi Tabia wa ghorofa ya tano hakuamini hata kidogo. Lifti ilikuwa mbovu, na Gaston ndiye aliyepanda kila asubuhi kumbebea beseni la mihogo hadi mlango wa paani. Jua la kipupwe la Johannesburg ni kavu, halina wingu, na mtu wa Tanga akiliona hukumbuka makopa, mihogo iliyokaushwa juani.

Jumamosi akapanda kuyaanua, akamkuta fundi wa paneli, aliyeitwa kukagua umeme, kashika kichwa. Makopa yalikuwa yametandazwa juu ya paneli! Bi Tabia aliona ni pahali safi, pameinama vizuri, pana joto. Fundi akamweleza taratibu kwamba paneli zimeungwa pamoja, ukifunika chache zote zinazorota. Kisha akacheka, akaahidi kutomtaja.

Kunyamaza kulikuwa rahisi, na Bi Tabia alikutamani.

Jumapili, Orpha, mwenyekiti wa wapangaji, alipoomba mikono inyooshwe, Bi Tabia alitua beseni katikati ya watu.

"Mwizi ni mimi. Gaston mmemwonea. Nilianika makopa juu ya mitambo yenu."

Orpha alianza kucheka, wengine wakafuata. Gaston hakucheka. Aliondoka bila kumuaga, na jambo hilo lilimuuma Bi Tabia kuliko aibu yenyewe.

Jumatatu asubuhi alikaa kando ya beseni, akizifikiria ngazi na magoti yake. Hakumtarajia mtu. Mlango ukagongwa.

"Mama, beseni iko wapi? Jua imeisha kutoka."

Gaston alikuwa na kitambaa kikubwa begani, kimepindwa pande zote nne.

"Nimekushonea hii. Utatandika chini, mbali na zile paneli."

Bi Tabia alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto la pasi.