Nondo za Filemoni

…sasa huyu binti anatikisa kichwa nini, si nimemwonyesha alichofuata, nondo ishirini na nne alizoninunulia Filemoni, zimekatwa fupi, ziko chini ya kitanda, nimezifunga turubai, nimezipaka mawese zisishike kutu, "Hizi za kujengea, mama, mimi nasema wadudu," eti wadudu, Regina huyu amesoma na mwanangu, ametoka Dar kwa treni aje achukue kazi ya Filemoni aimalizie, wadudu gani tena, "wale wa usiku, wenye madoadoa kama chui, wa ukoo mmoja, kawakusanya miaka sita"… Mungu wangu, vipepeo, sisi hapa Bangwe si tunaviita vipepeo vya taa, vinavyojigonga kwenye karabai, nondo kwangu ni chuma, na ujumbe wa mwisho wa mwanangu kutoka hospitali alinisomea jirani Rozalia, Mama nitunzie nondo zangu, unyevu ni adui yao, nikasema mtoto yuko kitandani bado anawaza kunijengea, nikafurahi, mjinga mimi, nikafurahi… "lilikuwa boksi la mbao, mama, lina kioo," ndiyo, najua, lilikuwa juu ya kabati, siku ya kuanua matanga nililifungua nikaona wadudu wakavu wamechomwa pini mgongoni, kila mmoja na kikaratasi chake, nikajua nimeupata uchawi uliomuua mwanangu, nikalimwagia mafuta ya taa, nikaliwasha, nikalitemea mate… "hakuna mwingine aliyewakusanya, mama," na Filemoni mwenyewe aliwahi kunieleza kwa simu, nachambua maharage, naitikia ehee, ehee, kwamba kiwavi wao ana manyoya, anakula majani yenye sumu, sumu inabaki mwilini mpaka anaota mabawa, popo akimuuma anamtema, na wengine wakikua hawana hata kinywa, mama, wanaishi kwa walichokula utotoni, akacheka, ehee, nikasema, maharage yana mawe mwaka huu… na mimi nilimlisha nini, ugali wa muhogo, dagaa, uji nikiupuliza upoe, chakula kitamu chote hicho na hakikumlinda, naumia, naumia mpaka kwenye meno, kitu kimoja aliniomba… "Boksi liko wapi, mama?" anauliza tena, kwa upole, mikono ameitanguliza kulipokea, na mimi nimepiga magoti hapa, nimeshika nondo moja, haina unyevu, haina hata doa la kutu.