Kengele Iliyomnyima Karani Kazi

Sikio langu la kulia limeshastaafu. La kushoto bado linafanya kibarua, siku likijisikia. Kwa hiyo mtu akigonga geti nami niko chumba cha nyuma kwenye cherehani, anaweza kugonga mpaka ngumi ziote sugu. Lakini miaka yote hii hakuna mteja aliyeondoka na suruali yake imechanika vilevile, kwa sababu nina mbwa.

Nilimwita Karani. Hakuwa na tabia ya kubweka, alishajua kunibwekea mimi ni kupoteza pumzi. Alikuja, akashika pindo la gauni langu kwa meno, akavuta. Akivuta mara moja na kuachia, ni muuza maziwa. Akivuta huku mkia unatingishika mpaka makalio yote yanacheza, ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Na akija akanitazama, akalala chini na kushusha pumzi, basi ni yule jirani wa mlango wa bluu, na nijue kabisa cherehani haitaguswa tena siku hiyo.

"Asante, Karani," namwambia. "Twende tukamwone." Anatangulia yeye, mimi nyuma, kama bibi harusi na mpambe wake.

Sasa mwanangu, ambaye ana mapenzi mengi na subira kidogo, akaniletea kengele ya betri. Kitufe kule getini, na huku ndani, ukutani juu ya cherehani, taa nyekundu ya kuwaka na kuzima kama gari la zimamoto.

"Mama, hata usiposikia, utaona."

"Na Karani?"

"Karani kazeeka, Mama. Apumzike. Kazi aliyofanya inatosha."

Alisema hivyo huku anaitazama na cherehani yangu. Nikajifanya sikio la kushoto nalo limelala.

Kengele ilifanya kazi, siwezi kuisingizia. Taa ikiwaka, nainuka, naenda. Njiani napishana na Karani anakuja kuniambia. Siku za mwanzo aligeuka akanifuata. Baadaye akawa anasimama tu ukumbini ananiangalia nikipita, kama mtu aliyefika ofisini akakuta kiti chake kimekaliwa. Halafu akaacha kuja kabisa. Akajilaza chini ya kabati la vitambaa, na chakula akakisusa. Mbwa niliyekuwa namfukuza jikoni kwa mwiko, sasa namfuata na bakuli, nambembeleza kama mtoto mwenye surua.

Daktari wa mifugo alimkagua masikio, meno na tumbo. "Huyu haumwi, Mama. Ni uzee tu."

Uzee tu! Mimi na Karani tukatazamana. Neno hilo na mimi nimeshaambiwa, na sikufa. Ila mbavu zake zilianza kuonekana, na nilipomwita alikuwa anainua jicho moja tu. Hapo utani ukaniisha. Niliona wazi kwamba nampoteza.

Mkwe wangu, mwenye roho nzuri, akasema mbwa anataka aonyeshwe kwamba anapendwa. Kwenye simu yake kuna watu wanawafanyia mbwa wao sherehe. Jumamosi wakaja na vikapu. Karani akaogeshwa kwa shampuu ya maua mpaka akanukia kama msichana anayekwenda kupigwa picha ya pasipoti. Akafungwa leso nyekundu shingoni. Ikaletwa keki ya nyama ya kusaga, mshumaa juu, yote palepale mbele ya kabati, maana mwenye sherehe hakutaka kutoka. Jirani wa mlango wa bluu akapiga vigelegele. Yule akiona sahani, haulizi sherehe ni ya nani.

Mwanangu akakohoa, akaanza hotuba. "Karani, umetulinda, umetutumikia kwa uaminifu..."

"Mbona mnamsema kama marehemu?" nikauliza.

"Mama! Tunamshukuru."

"Basi mshukuruni taratibu, asije akadhani anazikwa."

Karani akainusa keki, akageuza uso. Mara taa ikawaka ukutani: mteja. Karani akainua kichwa, masikio juu, mguu mmoja tayari. Akaitazama ile taa. Akanitazama mimi. Mwanangu alikuwa ameshatoka mbio kwenda kufungua. Karani akarudisha kichwa sakafuni, leso na yote.

Nikaelewa. Tumemnyang'anya mnyama kazi yake, halafu tunampikia keki.

Wageni walipokwenda zao, nikapanda juu ya kigoda, na mwanangu asiambiwe. Nikafungua kile kisanduku cha taa, nikatoa betri zote, nikazitia kwenye redio. Redio iliyokuwa inakoroma ikaanza kuimba.

Jumatatu asubuhi nikakaa kwenye cherehani, najifanya nashona. Nikaona kule chini ya kabati kichwa kimeinuka. Karani akaitazama taa. Taa imezima. Akanitazama mimi. Nikakaza macho kwenye pindo kama mtu asiye na habari. Akatoka pole pole, mgongo umemkakamaa, akaja mpaka miguuni. Akashika gauni. Akavuta mara moja, akaachia.

"Muuza maziwa!" nikasema. "Asante, Karani. Mimi ningejuaje?"

Akatangulia. Mchana alilamba bakuli likang'aa, kisha akaja kuulizia keki. Nikamwambia ukweli, kwamba jirani aliondoka nayo.

Mwanangu akaleta betri mpya. Zikafa. Akaleta nyingine. Zikafa.

"Mama, betri hizi zinakwishaje?"

"Za siku hizi, baba, hazina uti wa mgongo."

Akaiangalia redio inavyonguruma. Akamwangalia Karani, amenona, leso ingali shingoni. Akaiangalia cherehani. Nikajua sasa hotuba inakuja.

"Redio yako siku hizi ina afya, Mama," akasema, basi.

Alipoondoka nikakuta kitufe cha getini kimeng'olewa. Mahali pake pana kibao chenye mwandiko wa mkwe wangu: GONGA. KARANI ATAMWITA FUNDI.

Juzi kaja mteja mgeni, bwana mwenye tai, kakumbatia koti lake. Nikawa nampima mikono, yeye anachungulia nyuma yangu.

"Samahani, Mama, nilitaka nimshukuru na karani wako. Amekuita upesi sana. Yuko wapi?"

"Ndiye huyo anayekunusa viatu."

Bwana akatazama chini. Akafikiri kidogo, kisha akainama mpaka tai ikagusa sakafu.

"Asante, Karani."

Mkia ukaipiga cherehani mpaka uzi ukakatika. Nikautunga upya, bila kumgombeza mtu.