Kome wa Bi Suong

Hoai hakuwa mtu wa kutulia. Hata mezani alikaa upande upande, kama aliyesikia anaitwa nje. Kazi ndiyo iliyomzoesha hivyo. Kila Jumamosi asubuhi aliwaambia watu wa mji wa Hue redioni wakale wapi na wakanywe wapi, na siku nyingine zote alikuwa mbioni, akionja supu huku, akijaribu bia kule. Akisema baa fulani ya kando ya mto ina bia baridi na konokono wa mchaichai, jioni yake hapapatikani pa kukanyaga.

Mahali pamoja tu hakupataja kamwe: sebuleni kwa Bi Suong, mjane aliyeuza wali wa kome nyuma ya soko, katika kichochoro ambamo baiskeli mbili hazipishani. Kiporo cha wali, kome wadogo wa mtoni, karanga za kukaanga, majani mabichi, pilipili ya kumtoa mtu machozi, na bakuli la mchuzi wa moto pembeni. Wateja walikuwa walewale, wapiga makasia na walimu wastaafu, pamoja na Mzee Thuat, fundi wa viatu, aliyejifanya bawabu wa pale.

"Humu usilete mdomo wako, Hoai," alikuwa akimwonya.

Naye Hoai akicheka na kuapa.

Jumamosi moja alipanga kuisifia baa mpya ya ng'ambo ya daraja. Akapita kuonja kwa mara ya mwisho, akakuta samaki amevunda. Akaingia studio hana la kusema. Taa nyekundu ya kuonyesha yuko hewani ikawaka. Kabla hajajizuia alikuwa anaeleza kichochoro, mlango wa buluu na mchuzi wa Bi Suong.

Kesho yake umati ulijaa mpaka barabarani. Mzee Thuat alikuwa amesukumwa nje, anakula wima huku bakuli limemwegemea kifuani.

"Umetuuza," akamwambia Hoai.

"Limenitoka, mjomba."

"Yanayomtoka mtu ni mate. Hili umelisema."

Hoai akachungulia mlangoni. Bi Suong alikuwa anakimbia huku na huku, nywele zimefumuka, hata uso hainui. Tangu siku hiyo Hoai hakuonja kitu kikamkolea. Alivuka daraja, akarudi, akavuka tena. Aliingia baa akaagiza, akaondoka bia haijaletwa. Mzee Thuat naye hakumpa nafasi ya kupumua, kila walipokutana alimwandama: "Mama wa watu atakufa kwa kazi. Wewe ndiye uliyefungua mlango, basi wewe ufunge."

Jumamosi iliyofuata Hoai akaufunga. Alisema redioni kwamba Bi Suong ameacha kuuza, kisha akapitia haraka haraka habari za bia.

Jumapili akaenda kichochoroni, akitazamia kushukuriwa. Chumba kilikuwa kitupu. Mzee Thuat alikuwa kwenye kigoda chake cha zamani, anatafuna polepole, uso umenawiri. Bi Suong alikuwa amesimama kando ya sufuria jipya, kubwa kama beseni la kufulia, limejaa kome mpaka ukingoni. Dada yake, aliyeitwa kutoka shamba kuja kusaidia, alikuwa anapunga nzi.

"Nani alikwambia nimeacha?" Bi Suong akauliza.

Hoai akamtazama Mzee Thuat. Mzee Thuat akalitazama bakuli.

"Shangazi, tulikuonea huruma. Umati ule..."

"Huruma au wivu? Miaka yote napika kisufuria kiduchu, nikidhani riziki yangu ndipo ilipoishia. Kumbe mlikuwa mnanificha! Wewe unayewasifia hata wenye bia iliyochacha!"

"Nilidhani hutaki fujo."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Kufungua hukuuliza, kufunga hukuuliza. Na wewe Thuat, usinitafunie nikisema!"

Miguu ya Hoai ilishataka kutoka. Aibu ilimpanda kwa sababu mama yule alisema kweli: alikuwa amependa kuwa na mahali pake peke yake, wala hakupata kufikiri kwamba mahali pale pana mwenyewe.

"Jumamosi ijayo nitarekebisha," akasema.

"Kome hawangoji Jumamosi."

Ukutani uliegemea mzega, mti wa kubebea mizigo begani, wa marehemu mama yake Bi Suong, kikapu kila upande. Hoai akautwaa. "Nipakulie, shangazi."

Bi Suong alimkodolea macho, kisha akampakulia.

Mti ule ulimkata bega kabla hajamaliza kichochoro. Alipita nyumba kadhaa akibadilisha bega. Mwishowe akapaza sauti: "Kome! Kome wa moto!"

Mwanamke mmoja akachomoza dirishani. "Sauti hiyo naijua! Si wewe wa redioni? Jana si umesema Bi Suong ameacha?"

"Nilisema uongo."

"Uongo wa nini?"

"Wa uchoyo, dada."

Mwanamke akaangua kicheko. "Haya tua, mchoyo wee, tuonje hicho ulichotunyima!"

Majirani wakashuka. Kwenye baa ya gengeni wanywaji wa mchana walimzomea kwanza, halafu wakaagiza meza nzima. Aliporudi kujaza vikapu, Mzee Thuat alimpokea mzega bila kumtazama usoni, akatoka nao akinung'unika kwamba mgongo wake ni wa kushona viatu.

Sufuria lilimalizika jua halijainama. Bi Suong alimpa Hoai maji ya kunywa, akarudi kuosha mabakuli.

Baadaye mama huyo alihamia ukumbi wa wazi karibu na mfereji, na Mzee Thuat, pamoja na kulalamika kwamba upepo unapoza mchuzi, hufika kabla ya wote. Hoai siku hizi humuuliza kwanza mwenye mkahawa au baa. Wengine hukataa, akaenda zake. Kwa Bi Suong hupanga foleni kama watu. Zamani aliitwa "mwanangu" pale. Sasa huitwa "mwenye redio", hupewa bakuli lililojaa vizuri, na kila wiki hurudi, roho juu, akisikiliza ataitwaje.