Shangazi wa Kontroli na Nne

Mtaani Kuze, ukitaka kuposa, kwanza wapitia kwa Fahmi. Si kwamba ana hekima, la hasha! Ana kompyuta na printa, na posa za mtaa mzima zimo katika vidole vyake. Kuposa bila barua ni utovu wa adabu, na barua yenyewe ina maneno yake ya kunyenyekea, marefu, yasiyobadilika tangu enzi za mababu. Fahmi alichoka kuyaandika upya kila siku, akayafunga kwenye vibonye. Akibonyeza Kontroli na Moja, posa nzima inamwagika kwenye kioo, kuanzia bismillahi hadi nafasi ya sahihi. Kontroli na Mbili ni jibu la kuomba muda. Tatu ni kukumbusha kwa upole. Nne ni kuomba muda tena, kwa kuwa shangazi yake binti yuko Lamu, anaumwa na miguu, na haifai kuamua bila yeye. Tano ni kumwombea shangazi afueni. Sita ni kukubali. Saba ni kukataa, kwa maneno matamu hata mkataliwa hushukuru, akaja kutanabahi baada ya siku mbili.

Mambo yalimwendea vizuri mpaka alipopenda yeye. Alimpenda Mahira, binti wa Mzee Abdulghafur mchonga milango, akampenda hata chakula hakimpiti kooni. Akabonyeza Kontroli na Moja, ami yake Badi akatia sahihi na kuipeleka. Wiki mbili zikapita bila jibu, na Fahmi akawa hana raha ya kulala wala ya kukaa.

Jumamosi asubuhi Mzee Abdulghafur akaingia dukani.

"Assalaam alaykum. Nimekuja kumjibu ami yako. Niandikie."

Hakuona ajabu yoyote kumtaka mposaji aandike jibu la posa yake mwenyewe. Angekwenda kwa nani? Kwenye benchi alikuwako Bonface, mfanyakazi wa reli kutoka bara, aliyekuwa akingoja barua yake ya kuomba kazi. Akaambiwa asubiri kidogo.

"Nianze vipi, mzee?" Fahmi aliuliza.

"Salamu, kisha useme twaomba muda."

Fahmi akabonyeza Kontroli na Mbili. Ukurasa ukajaa. Mzee akasogeza miwani, akasoma, akasoma tena.

"Haya ndiyo niliyotaka kusema. Yote! Hino mashine imeyajuaje?"

Akatia sahihi, na papo hapo akataka barua imfikie Ami Badi. Ami Badi alikuwa duka la pili, kwa kinyozi. Akaja na povu nusu ya kidevu, akakaa benchi la pili. Lakini mzee wa mke hampi mzee wa mume barua mkono kwa mkono. Lazima awepo mjumbe. Macho yote yakamgeukia Bonface. Fahmi akamvika kofia yake mwenyewe, na mtu wa reli akavuka hatua tatu za sakafu kwa heshima zote, bahasha mikononi.

"Wanaomba muda," alitangaza Ami Badi baada ya kusoma. "Basi nasi twawakumbusha."

Kontroli na Tatu. Bonface akavuka.

"Sasa mimi nasemaje?" aliuliza Mzee Abdulghafur.

Kontroli na Nne. Mzee akasoma, akakunja uso.

"Lakini mimi sina dada Lamu."

"Ni wa mashine, mzee. Kila nyumba inaye."

"Yuwaumwa nini?"

"Miguu."

"Maskini," alisema mzee, akatia sahihi kwa huzuni.

Mashauriano ambayo kwa desturi huchukua miezi sita yakaisha kwa robo saa. Kontroli na Tano ilipomfikia, na kusoma jinsi Ami Badi anavyomwombea shangazi yule afueni na umri mrefu, Mzee Abdulghafur alitoa leso akafuta macho. "Kapona," alisema kwa mdomo wake. "Alhamdulillahi, jana katembea mpaka msikitini." Hata Bonface alimshukuru Mungu.

Likabaki jibu la mwisho.

"Bonyeza," alisema mzee.

"Nibonyeze lipi?"

"Wanuliza mimi? Mashine ndiyo yajua. Tangu asubuhi haijakosea."

Fahmi alijua huko ni kuiba. Akajua pia kwamba hatapata nafasi nyingine kama hii maisha yake yote. Akabonyeza Sita. *Tumeridhia kwa nyoyo kunjufu*, kikasema kioo, na wakati uleule Mahira akaingia na simu ambayo baba yake alikuwa ameisahau nyumbani.

Aliwaona wazee kwenye mabenchi, povu, mtu wa reli mwenye kofia. Akaziokota barua akazisoma zote, na ya kwenye kioo pia.

"Huyu binti ni nani?"

"Ni wewe, mwanangu," alisema baba yake.

"Barua tano, na jina langu halimo hata mara moja." Akamgeukia Fahmi. "Kibonye cha kufuta ni kipi?"

"Kontroli na Zedi," alijibu Fahmi, kwa kuwa hakujua kumdanganya.

Akabonyeza. Kukubaliwa kote kukatoweka.

"Haya. Niambie mimi."

"Mahira!" Ami Badi aliruka, povu likamdondoka.

Fahmi akasimama. "Baada ya salamu na maamkizi mema, sisi jamaa wa—"

"Hiyo naijua. Dada yangu aliposwa kwa iyo iyo."

Mtu aliyewaposea watu mia mbili alisimama kama hajapata kufundishwa kusema.

"Naogopa," alisema hatimaye. "Naogopa utakataa. Nimewabonyezea watu Saba mara nyingi, Mahira, sikuwahi kufikiri kwamba inauma. Nakutaka. Sina jingine."

Mzee Abdulghafur akakohoa.

"Mahira, mwanangu, umesikia. Wasemaje?"

Mahira, aliyekuwa akisema tangu aingie, akafunga mdomo.

Wakangoja. Akatazama chini, asijibu neno. Bonface, roho yake nzuri, akamshika Fahmi bega.

"Pole sana, ndugu yangu. Mungu atakupa mwingine."

"Nyamaza wewe!" Ami Badi alifoka, machozi yamemjaa. "Kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, karidhia!"

Fahmi hakuamini. "Mahira, kweli? Hebu sema basi."

Mahira akazidi kunyamaza, kwa bidii, mkono umeuziba mdomo, hata mabega yakamtikisika kwa kicheko.