Misumari ya Upande wa Matogoro

Jumamosi ile Kajetani alikwenda kilabuni akiwa amenyoa ndevu, na hilo peke yake lilitosha kuitoa siri yake hadharani. Fundi seremala wa Majengo hanyoi Jumamosi mchana. Hunyoa Jumapili asubuhi kabla ya misa, tena kama maji yapo.

"Ehee!" Hamisi alisema alipomwona anainama kupita chini ya ukingo wa bati. "Leo kuna nini, fundi? Umefiwa au umealikwa?"

"Nimenyoa tu. Mtu haruhusiwi kunyoa?"

"Anaruhusiwa, wallahi. Lakini hata shati umepiga pasi."

Hamisi alikuwa mtu wa Tunduru, muuza korosho na mitumba, na meza yake ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Pombe hakuwahi kuionja tangu azaliwe, ila soga alizipenda kuliko biashara. Kila alasiri aliifunika meza kwa turubai, akaja na birika lake la chai ya tangawizi, akakaa katikati ya wanywaji akiwacheka. Pembeni yake alikaa mzee Fulgence, karani mstaafu, ambaye zamani ndiye aliyeandika vibali vya bia, enzi zile kreti moja ya harusi ilipotaka barua, muhuri na wiki tatu za subira.

"Shikamoo, mzee," Kajetani alisema.

"Marahaba, mlongo wangu, ndugu yangu. Kaa. Tunazungumza habari ya bia ya kopo."

"Bia ya kopo?"

"Imefika dukani pale juu, inatoka huko Afrika Kusini. Wameitia ndani ya kopo kama maziwa ya mtoto mchanga." Mzee alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Zamani mtu akinywa bia hapa Songea, mji mzima unajua huyu kaoza binti. Leo mtu anaingia dukani, ananunua bia kama anavyonunua chumvi, anatoka. Hakuna muhuri, hakuna saini. Heshima itatoka wapi?"

"Saini yenyewe ilikuwa yako," Hamisi alisema.

"Ndiyo maana nasema heshima!"

Wakacheka wote, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Lidwina, mwenye kilabu. Alikuwa mjane, mama wa Dorine aliyeolewa Mbinga, na komoni yake, pombe ya mahindi na kimea cha ulezi, iliwavuta watu mpaka kutoka Mjimwema. Alikuja na jagi la plastiki, akammiminia Kajetani kikombe bila kuulizwa.

"Umependeza, fundi," alisema, akaenda zake.

Kajetani alishika kikombe kwa mikono miwili. Mke wake alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na tangu Kwaresima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia mwanamke huyu. Hayakuwa mengi. Mama Dorine, mimi niko peke yangu na wewe uko peke yako, tuoane. Aliyasema mbele ya randa, mbele ya msumeno, mbele ya kuku. Leo aliapa atayasema mbele ya mwenyewe. Lakini kila alipofungua mdomo kulikuwa na jambo lililotangulia mbele, nalo lilikuwa juu ya vichwa vyao wote.

Lilikuwa paa.

Miaka miwili nyuma, mabati yalipoanza kupatikana madukani bila mtu kujuana na mtu, Lidwina alibomoa paa la nyasi la kilabu chake, akaalika watu wamwezekee Jumamosi moja. Mwaliko wa namna hiyo haulipwi kwa fedha. Unalipwa kwa pombe, na kanuni yake kila mtu anaijua: pombe hutoka baada ya msumari wa mwisho kuingia. Kanuni nzuri, tatizo ni kwamba komoni haivai saa. Ile ya siku hiyo iliiva mapema kuliko ilivyopangwa. Saa nne asubuhi ilikuwa inatoa povu, inasukuma kifuniko cha pipa, na harufu yake inapanda moja kwa moja mpaka kwenye mbao za kenchi walikokaa mafundi. Lidwina akaona ikingoja jioni itachacha na kumtia aibu. Akatoa jagi la kwanza.

Basi wakashuka mmoja mmoja. Huyu alisema anakwenda kunywa maji, yule alisema kapoteza nyundo. Kajetani akabaki juu peke yake na mabati manne ya mwisho, upande unaotazama milima ya Matogoro, ambako ndiko mvua na upepo wote wa mji huu hutoka. Chini waliimba na kuita jina lake. Akapiga msumari mmoja kila pembe ya bati, ili lisimame tu, akalichomeka kopo la misumari juu ya ukuta, akajiambia atanywa kikombe kimoja kisha atapanda tena kumaliza. Kikombe kimoja hakikumaliza siku. Jumatatu alirudi kimyakimya alitafute kopo lake, halikuwepo. Alidhani limeibwa, na kuuliza akaona haya.

Hivyo ndivyo fundi anayejisifu kwamba bati lake halijawahi kupepea alivyobaki na bati nne zinazoshikiliwa kwa huruma ya Mungu, tena juu ya kichwa cha mwanamke anayempenda. Angepanda lini akazigongee? Mtu hapandi juu ya kilabu na nyundo pasiwe na anayeuliza. Alichofanya ni kuacha kukaa upande ule. Miaka miwili hakukaa pale wala hakupainulia macho. Huo ni woga, na yeye mwenyewe alijua ni woga.

"Mmesikia habari ya kule Msamala?" Hamisi aliuliza, akijimiminia chai.

"Habari gani?"

"Upepo wa Jumatano. Umeng'oa paa la Romanus zima, na papi zake za mbao, ukalibeba mpaka kwenye mahindi ya Edmund, ukalilaza pale kama mkeka."

Kajetani aliweka kikombe chini.

"Sasa sikilizeni," Hamisi aliendelea, macho yakimcheka. "Romanus kaenda kudai bati zake. Edmund kagoma. Anasema kilichoota shambani kwake, kilicholala shambani kwake, chote ni zao lake. Kamwita mwenyekiti wa mtaa aje aone, na paa kaligeuza banda la mbuzi. Mbuzi wameshaingia!"

"Mbuzi wakishaingia kesi imekuwa ngumu," mzee Fulgence alisema kwa sauti ya mtu aliyewahi kushika mihuri. "Lakini na Romanus naye, nani alimwezekea?"

"Fundi mmoja wa kuokoteza. Wanasema misumari aliweka ya pembeni tu."

"Mtu wa namna hiyo angefungwa," mzee alisema. "Si ndiyo, fundi?"

"Angefungwa," Kajetani alisema. Shati la pasi lilikuwa limeanza kumganda mgongoni.

Ndipo mwanga ulipopungua. Kuku wa Lidwina walikimbia chini ya benchi. Kajetani alichungulia nje, akaona wingu limekaa juu ya Matogoro, jeusi chini na la kijani pembeni, na rangi ile ya kijani hakuipenda hata kidogo. Hamisi alitoka mbio kwenda kuifunga meza yake, akarudi mbio zaidi akiwa na mfuko wa korosho kifuani.

"Hilo si la mchezo, jamani!"

Upepo ulifika kwanza. Ulipita barabarani ukazoa vumbi, majani ya migomba na kofia ya mtu. Halafu kikatua kitu kimoja juu ya bati, kwa! Kikafuata kingine. Halafu mbingu zikamwaga mvua ya mawe yote kwa pamoja, na kilabu kizima kikawa kelele tupu. Wanywaji walijaa katikati, wengine wameshika vikombe, mmoja anapiga ishara ya msalaba kwa mkono wenye kikombe na kuimwaga komoni begani kwa jirani. Mzee Fulgence alifungua mdomo akasema jambo refu, pengine la busara, na hakuna aliyelisikia.

Kajetani alimtafuta Lidwina kwa macho. Alikuwa amesimama peke yake upande wa Matogoro, chini kabisa ya yale mabati manne, mikono yote miwili imelifunika pipa la komoni kwa kanga ili maji ya upepo yasiingie. Juu yake bati zilikuwa zinatetema.

Ule woga wa miaka miwili ukaondoka, ukaja mwingine mkubwa zaidi. Aliruka benchi, akakanyaga mguu wa mtu, akamfikia, akamshika mkono.

"Toka hapa!" alipiga kelele.

Lidwina alimwonyesha sikio lake. Hasikii.

"Toka! Paa!"

"Nini?" Midomo yake ilicheza tu, sauti haikufika.

Akamvuta. Lidwina akagoma, akashika pipa. Pombe ya siku tano haiachwi kwa sababu mwanamume amechanganyikiwa. Kajetani akaona hakuna njia nyingine, akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikakaza, akanguruma kwa nguvu zake zote. Na mvua ya mawe ya Songea haina adabu. Inakuja bila hodi na inaondoka bila kwaheri. Alipofika katikati ya sentensi ikakatika ghafla, kelele zote zikaisha, na sauti ya Kajetani ikabaki peke yake ndani ya kilabu:

"...BATI HIZI HAZINA MISUMARI! MIMI NDIYE NILIYEZIACHA, NILIIFUATA POMBE! TOKA ZISIKUUE, MAMA DORINE, NATAKA KUKUOA!"

Tone moja la maji lilidondoka kutoka ukingoni. Watu wote walikuwa wamegeuka, na aliyemwagiwa komoni begani alisahau kujifuta.

"Wallahi," Hamisi alinong'ona. "Ndevu ndizo hizo."

Kajetani alitamani bati zishuke sasa zimfunike. Hazikushuka. Lidwina aliuchomoa mkono wake taratibu, akalifunika pipa vizuri, akaingia chumba cha nyuma. Wakasikia vitu vinasogezwa. Alirudi na kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu, akaliweka mbele ya Kajetani juu ya benchi. Ndani yake kulikuwa na misumari ya bati, nusu ya kopo.

"Unalijua hili?" aliuliza.

Kajetani aliitika kwa kichwa tu.

"Nililikuta juu ya ukuta Jumapili ile ile, watu mmelala na vichwa vinawauma. Nikajiuliza, kopo la fundi limebaki na misumari mingi hivi, bati zimeshikwa na nini? Ngazi ilikuwa bado imeegemea. Nikafunga kanga kiunoni, nikapanda. Nimezigongea mwenyewe, misa ya pili ikanipita."

"Ulijua?" sauti ya Kajetani ilikuwa ndogo. "Miaka yote miwili?"

"Nilijua. Nakumiminia pombe, nakusikia unavyojisifu hapa kwamba bati lako halijawahi kupepea, na nakungoja." Hakuwa anacheka tena. "Niliona unavyonitazama, Kajetani. Mimi si kipofu. Lakini nilijiambia, mwanamume asiyeweza kuniambia habari ya msumari, nikiwa mke wake ataniambia nini?"

Kajetani alihisi machozi yanamjia, na mbele ya watu wote wale hakuyazuia. Ilikuwa haya, ilikuwa furaha pia, na asingeweza kusema ipi ilianza.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa naogopa."

"Najua. Ndiyo maana hukai upande huu." Lidwina alilisukuma kopo kidogo kuelekea kwake. "Haya. Misumari imebaki, na jiko langu bado ni la nyasi. Kesho baada ya misa uje uezeke."

"Hilo ndilo jibu?" mzee Fulgence aliuliza, akiwa ameinuka nusu. "Jamani, tunaomba lisemwe wazi, lieleweke. Anaolewa au haolewi?"

"Mzee, mtu haezeki jiko la mwanamke kama hatakula humo," Lidwina alisema, na sasa tabasamu lilikuwa limemshinda.

Kilabu kikalipuka kwa vigelegele na vikombe. Hamisi alipasua mfuko wake wa korosho akazigawa bure, jambo ambalo Majengo haikuwahi kuliona. Mzee Fulgence alitangaza kwamba harusi hii itataka kreti kumi za bia, za chupa, wala si za kopo, na kwamba kibali atakiandika yeye mwenyewe hata kama hakuna anayekihitaji.

"Na kesho pombe itatoka saa ngapi?" mmoja aliuliza.

"Baada ya msumari wa mwisho," Lidwina alisema. "Hata ikichacha."

Kajetani alikaa. Alikaa pale pale, upande wa Matogoro, kopo likiwa mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliinua macho. Ncha za misumari zilikuwa zimetokeza chini ya papi, mstari mmoja baada ya mwingine, zimegongwa na mtu ambaye hakuwahi kushika nyundo maishani mwake. Misumari ilikuwa imepinda karibu yote, na hakuna hata mmoja uliokosekana.