Zawadi ya Walioagiza Mapema

...na kama ni kuondoka basi ni sasa hivi, kabla kijana wa duka hajakishika tena kile kipaza sauti chake na kutangaza kwamba kule mwisho wa ukumbi, karibu na jokofu la soda, ameketi mama yetu mpendwa, sauti ya Bibi wa Kisimani, njooni awasainie mabango, maana ametangaza mara ya kwanza na mara ya pili, na mara zote vichwa viligeuka, vikamtazama, vikatabasamu kwa adabu kama mtu anavyotabasamu akionyeshwa picha ya mtoto wa jirani, kisha vikarudi kule kule kwenye meza ya mbele, kwenye kofia na tisheti na stika, kwenye lile gurudumu la bahati nasibu linalozunguka tkr-tkr-tkr na kila likisimama watu wanapiga kelele, hedifoni! kofia! hedifoni tena!, na yeye hapa na rundo la mabango ambayo hakuna aliyeyagusa, na kalamu aliyoifungua na kuifunga mpaka kifuniko chake kimelegea... ainuke tu, aseme mgongo, uzee una faida zake, mtu mzima akisema mgongo hakuna anayeuliza swali la pili, atamwambia mpwa wake pale alipo mlangoni, baba, mgongo umenikaza, na mpwa wake ataamini, tena atamtafutia gari na kumshika mkono mpaka kwenye kiti, kwa kuwa ni mtoto mwema, mtoto wa marehemu kaka yake, gemu hii yote ameitengeneza yeye na wenzake sita ndani ya chumba juu ya duka la matairi, miaka wamekula humo na kulala humo, na leo ni siku yake, watu wamepanga foleni hadi nje kwenye lami, sasa shangazi mtu atakaaje hapa na uso wa kuugulia... tabasamu. Ametabasamu. Hakuna aliyeona.

Nyongeza, ndilo neno lenyewe, alilisikia kwa masikio yake siku ile mpwa wake alipokuja nyumbani na mkate na uso wa mtu aliyevunja kikombe, "Shangazi, usinielewe vibaya, sehemu yako haijatolewa, imehamishwa," imehamishwa wapi?, "wanaotuuzia gemu wanataka kitu cha pekee kwa watakaoagiza kabla ya uzinduzi, kitu ambacho wengine hawana, sasa wote tukakubaliana kwamba kitu kizuri kuliko vyote ni wewe," hapo alijua kusema mtoto huyo, alirithi kwa baba yake, lakini maana yake ni kwamba aliyeagiza mapema anakuta kadi ndani ya boksi, anaikwangua, anaingiza zile namba, na kisima kinafunguka, bibi yumo, anazungumza, na asiyeagiza mapema anapita hapo hapo anakuta kisima kimefunikwa kwa jiwe, anadhani ni pambo la njiani, anaendelea na safari zake... ukinunua sabuni ya unga unakuta kitana ndani ya pakiti, hakuna mtu duniani aliyewahi kununua sabuni kwa ajili ya kitana, na yeye sasa ndiye kitana. Tena kwake yeye zawadi za bure ni ugomvi wa zamani, kwani si ni zawadi zilizomfukuza redioni?, jioni zote zile watu walipokuwa wakiacha sufuria jikoni ili wasikilize mchezo wa redio, na Mama Fitina ndiye yeye, Mama Fitina leo kafanya nini, Mama Fitina kamchonganisha nani, hata sokoni mwanamke mmoja alikataa kumuuzia vitunguu, akamwambia mwache yule mkwe wako aolewe kwa amani, na yeye akacheka mpaka machozi, maana hakuna tuzo inayozidi kunyimwa vitunguu... halafu asubuhi moja meneja akawaita, mchezo umefutwa, saa ile ile tutaweka kipindi cha kupiga simu na kujishindia sufuria, na kweli watu walipiga simu, walishinda sufuria, na hakuna aliyeuliza Mama Fitina yuko wapi. Fundi sauti wao alitoka na sinia lake la changarawe kwapani, sinia ambalo alilitembezea viatu kila mtu alipoingia au kutoka kwenye mchezo, akasema mimi naondoka na miguu yenu. Tangu hapo sauti ya Mama Fitina imekuwa ya kumwita fundi bomba tu.

Mchezo. Siku hizi hilo neno nalo limehama nyumba, zamani mchezo ulikuwa wao, na mchezaji alikuwa yeye, "mchezaji wetu mahiri" mtangazaji alikuwa akisema, na leo wachezaji ni hawa waliojaa humu, wenye vidole, na yeye ni nani?, yeye ni anayechezwa... dada yake amekwisha kumtayarishia chumba, njoo tukae wawili, utafanya nini huko peke yako, na asubuhi hii ndani ya gari mpwa wake akakohoa, akasema tunafikiria gemu ya pili, tunataka Bibi wa Kisimani atoke pale kisimani, atembee na mchezaji mwanzo mpaka mwisho, na safari hii asifichwe kwa mtu yeyote, "ungekubali, Shangazi?" na yeye akasema tutaona, na katika ukoo wao tutaona ni hapana iliyonawa mikono. Kwa nini akubali?, ili wamhamishie wapi tena, kwenye mfuko wa kubebea?... hedifoni! wanapiga kelele, mtu kashinda hedifoni, na pale kwenye zile mashine za kujaribia, karibu kabisa na meza yake, binti mmoja amesimama peke yake, amempita mbele bila kumwona, koti juu, na chini ya koti sare ya hospitali, na viatu vile vya mpira vya wauguzi, macho mekundu, huyu ametoka zamu moja kwa moja, hata nyumbani hajafika, anakwangua kadi kwa ufunguo, polepole, anapuliza vumbi lake, na kijana mwingine wa duka anamvalisha hedifoni na kumwelekeza, andika hapo, sawa, bonyeza, "haya, jiwe hilo linaondoka, sasa msikilize bibi."

Kumbe huyu anamsikiliza yeye. Hapa hapa, hatua chache, na kioo cha mashine kimempa yeye kisogo, haoni picha, hasikii kitu, anauona tu uso wa muuguzi na mwanga wa buluu unaoupapasa, na bila kutaka midomo yake yenyewe imeanza, kwa ndani, sambamba, kama mtu anayefuata ibada kwa mbali, umechoka, mjukuu wangu, nakuona, weka mzigo chini, chota, kunywa kwanza, njia haiendi popote... na hapo palikuwa na kituo, hapo aliweka kimya, akakiacha kikae, halafu ndipo bibi anamalizia, wewe ndiye unayekwenda, na siku ya kurekodi yule msichana wa mitambo, mwenye nywele fupi na pete puani, alisema kwa upole kupitia kioo cha studio, "mama, hapo pamekuwa kimya kidogo," na yeye akajua, akajua kama anavyojua mlango wa kwake, kwamba watakikata kile kimya, redioni pia walikuwa wanakikata, mkurugenzi alikuwa akigonga kioo kwa kalamu, kimya redioni ni moto uliozimika, msikilizaji anadhani mitambo imeharibika, anahamia kituo kingine, kwa hiyo miaka yote ile alijifunza kukaa kimya mpaka pale tu kalamu inapoinuliwa, si zaidi, na huo ndio mwisho wa kimya chake... popote, amesema, sasa kimya, sasa wewe ndiye unayekwenda, sasa cheka, na muuguzi hakucheka. Uso ule ule, mwanga ule ule, basi, wamekikata, maneno yameshikana kama ugali uliopoa, amepita bila kujua amepitia nini, kalamu, mkoba, mgongo, baba mgongo umenikaza... na ndipo muuguzi akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, cha mtu aliyekamatwa, akatikisa kichwa kwa kile kioo kama anavyotikisiwa bibi wa kweli, akavuta kigoda kwa mguu, akakaa, akachomoa kisigino kimoja kutoka kwenye kiatu cha mpira, na kidole chake kikabonyeza ili arudie. Na sasa safari hii yeye hakumsemea bibi kabla, alimtazama tu muuguzi, akasubiri naye akipima muda kichwani, na kile kimya kilikuwa kirefu, mama yangu, kirefu kuliko chake, kirefu kuliko alivyowahi kuthubutu maishani, kikapita pale ambapo kalamu ingegonga, kikaendelea, na uso wa muuguzi ukalegea taratibu ndani yake, mabega yakashuka, taya likaachia, na mwisho kabisa, wakati yeye mwenyewe asingestahimili tena, kile kicheko.

"Shangazi, umechoka?" mpwa wake kasimama kando, kofia ya gemu kichwani upande, jasho, "nikutafutie gari? Sikujua watang'ang'ania gurudumu namna hii, samahani, kweli samahani." Alimwambia, "Mlirefusha." "Tulirefusha nini?" "Pale. Baada ya popote." Akaona masikio ya kijana yakibadilika rangi, ndivyo alivyokuwa tangu mdogo, na akajua amefika penyewe. "Hatukuongeza kitu, Shangazi, wallahi hatukuongeza. Msichana wa mitambo alisema pumzi yako ilikuwa bado inaendelea pale, ikisikilizwa kwa makini, wewe uliacha kuigiza lakini pumzi haikuacha, tukaona haya kuikata. Tukaiacha iishe yenyewe, halafu ndipo tukaweka maneno. Umekasirika?"... amekasirika?, pumzi yake mwenyewe, aliyokuwa akiimeza kwa miaka kwa hofu ya kalamu, na watoto hawa wa juu ya duka la matairi, ambao redio ile hawakuikuta, wameiinamia, wameisikia, wameona haya kuikata, msichana yule aliposema pamekuwa kimya kidogo kumbe hakulalamika, kumbe alikuwa anashangaa... na wangapi watakwangua kadi, wachache, na wangapi watapita na kuona jiwe tu, wengi, waende salama, njia ni ndefu, ila mmoja kakaa chini na kiatu kimoja nje.

"Huyu bibi ana watoto?" aliuliza. "Bibi gani?" "Bibi yenu. Wa kisimani. Ana watoto?" Mpwa wake alimkodolea macho, kofia ikazidi kwenda upande. "Kwenye... sijui. Hatujaamua." "Basi amueni. Au kaeni na mimi tuamue. Mnataka atembee na watu mwanzo mpaka mwisho, mimi siwezi kumtoa mwanamke barabarani bila kujua kamwacha nani nyumbani." Kijana akageuka, akaita nyuma yake kwa sauti iliyokatika, "Jamani! Shangazi kakubali!" na hakuna aliyemsikia, maana gurudumu lilikuwa linazunguka, tkr-tkr-tkr, kijana wa duka alikuwa ameshika kipaza sauti, na mezani pake bado hajaja mtu, na asije, kwanza, asubiri kidogo, kwa sababu ameshaanza kumjaribu kimoyomoyo huyo mwanamke anayetoka kisimani, mwenye pumzi fupi mlimani na ndefu kivulini, na binti, ndiyo, awe na binti mmoja, mkaidi, anayeishi mbali, asiyejua kama mama yake ameanza safari...